Livu ya Karani na Ziwa la Mlimani

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti la chama chetu niseme neno juu ya livu zetu. Najua wenzangu wengine watacheka, maana mmoja wao alikwisha kunicheka aliponiona nafunga mzigo. "Karani wa Ulemo aenda kutazama maji! Je, umekosa shamba la kulima, au umekosa msiba wa kwenda?"

Neno lake lina kweli ndani yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yatupa siku 28 za livu kila mwaka, na sote twajua ziendako: mtama, paa la nyumba ya mama, arusi, matanga, na ile kesi ya mpaka isiyokwisha. Sizikani kazi hizo. Naomba siku 3 tu katika hizo 28.

Mimi siku zangu 3 nilizitumia Duluti, ziwa lililo karibu na Tengeru, upande wa Arusha. Kutoka kwetu njia yapita Singida, Katesh na Babati. Tulipofika Katesh abiria walinyamaza, kwa kuwa tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliteremka kutoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Sisemi kwamba miti ingaliyazuia. Sina elimu hiyo. Nasema tu kwamba tangu pale sikulala tena garini, nikawa natazama kila mteremko na kila korongo.

Duluti si ziwa kubwa. Ni shimo la volkano ya kale lililojaa maji, halina mto uonekanao uingiao wala utokao, nalo limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mtu hulipa kiingilio, na raia hatozwi sawa na mgeni wa ng'ambo. Kisha hushika njia ya miguu izungukayo maji chini ya miti mikubwa. Nilimwona kenge akiota jua juu ya gogo, naye hakujali kama mimi ni karani au ni nani. Hata hivyo nilisikia jogoo wakiwika mashambani nyuma yangu, kwani msitu ule ni ukanda mwembamba tu. Ukanda huo ndio uliobaki kati ya jembe na maji.

Hapo ndipo jalada moja liliponijia moyoni.

Miaka kadha iliyopita, katika ofisi nisiyoitaja, nilipiga taipu barua za ombi la kiwanja cha mapumziko ukingoni mwa ziwa: vibanda, jiko, na mahali pa kuegesha magari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au ziwezazo kuudhuru ukingo, ndani ya mita 60 za ziwa au mto. Hesabu hiyo niliijua. Vidole vyangu vilikwisha kuipiga mara nyingi. Lakini mchoro uliofungwa na ombi haukuonyesha kipimo, nami sikuuliza, wala aliyepokea kwangu hakuuliza, wala aliye juu yake. Jalada likapita mikono minne bila doa. Leo vibanda vipo, na mgeni aketiye barazani aweza kutia miguu yake majini. Watu wapasifu sana. Nami nilipasifu, mpaka nilipozunguka Duluti.

Sasa litazameni ziwa letu la Kitangiri, chini ya uwanda wa juu wa Iramba. Hupokea maji ya Wembere na kuyatoa kwa mto Sibiti kwenda ziwa Eyasi, na wavuvi hutoa humo perege na kambale tuwalao. Duluti ni mtungi. Kitangiri ni sinia. Udongo wa shamba lililolimwa mpaka ukingoni ukiingia katika sinia hauna pa kuzama, na mvua ya mwaka ujao huleta mwingine.

Yuko atakayesema kwamba nawachukia wenye nyumba za wageni. La. Mtu akileta kesho ombi la kuwapokea wageni Kitangiri nitafurahi, maana vijana wetu wanataka kazi, na samaki wataka mnunuzi. Lakini ajenge juu mwinukoni, ambako macho huliona ziwa lote kwa mara moja, awaache matete na miti chini kama walivyoachwa Duluti, na wageni wateremke kwa miguu. Mimi mgeni nilitembea Duluti, sikufa.

Kwa hiyo naleta shauri mbele ya kamati: wanachama wanaoshika majalada ya ardhi wachange nauli, waende Duluti wachache wachache wakati wa livu, na wakirudi wapewe nafasi ya kusema mkutanoni. Kifungu cha sheria nilikisoma miaka mingi nisikione. Mguu ulinionyesha kwa asubuhi moja.

Nami mwezi wa Juni nitateremka Kitangiri na kamba ya mita 60. Atakaye kunishikia ncha ya pili na aniarifu mapema.

Mwanachama,
Ulemo