Futuhi ya Mapenzi ya Vijana: Mfano wa Garsen

Aghalabu futuhi za mapenzi ya vijana hulaumiwa kwamba zinafanana: mvulana humpenda msichana, hutokea kizuizi, huzuka vituko, kisha wapenzi hupatana. Kwa maoni yangu, lawama hii imekosa shabaha. Muundo huo ni wa kale lakini haujachakaa. Filamu ya Kimarekani, 10 Things I Hate About You (1999), ilichukua kisa cha tamthilia ya Shakespeare, The Taming of the Shrew, ikakihamishia katika shule ya sekondari, na kikapata uhai mpya. Kinachochakaa ni kizuizi kisicho na uzito na kicheko kisicho na ukweli.

Tuitazame Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Wapokomo hulima kandokando ya mto. Waorma hufuga ng'ombe, na wakati wa kiangazi huwashusha mtoni kupitia njia ziitwazo malka. Mwaka 2012, mapigano katika delta ya Tana yaliua zaidi ya watu 100. Mwandishi akimweka mvulana wa Kipokomo na msichana wa Kiorma katika darasa moja, hana haja ya kubuni kizuizi. Nyumbani kwa kila mmoja wao wapo wanaokumbuka waliozikwa mwaka ule.

Je, kicheko kitatoka wapi? Vichekesho vingi vya jukwaani na vya runinga nchini Kenya hutegemea kuiga lafudhi za makabila. Mbinu hiyo ni ya kivivu popote. Garsen ni ya hatari pia. Lugha yenyewe inatupa njia bora. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, ilhali Kiorma ni lugha ya Kikushi. Mvulana atajiona mjuzi wa Kiswahili kwa sababu ya udugu huo, na udugu uo huo utamponza: atachanganya lugha mbili bila kujua. Msichana, aliyejifunza kila neno kwa jasho, atamrudishia barua yake ya mapenzi ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Hapo tutacheka majivuno ya mtu mmoja, wala si kabila lake. Tena barua iliyosahihishwa hadi nukta ya mwisho ni barua iliyosomwa yote. Hilo nalo ni jibu.

Wapo watakaosema kwamba vidonda vya 2012 havifai kuchekewa. Hoja hiyo ina uzito, na mauaji yasichekwe kamwe. Hata hivyo, vijana wa huko wanapendana na wanacheka, huku wakiwaogopa wazazi wao. Futuhi itakayoficha hofu yao itakuwa ya uongo. Tanzia itakayoficha kicheko chao itakuwa ya uongo vilevile.

Wanachama wenzetu wanaoandikia shule michezo ya tamasha za drama wana nafasi ya kulijaribu jambo hili. Nawasihi waupeleke mswada Garsen kwanza, usomwe mbele ya Wapokomo na Waorma walioketi pamoja. Wakicheka mahali pamoja, mchezo umeiva. Upande mmoja ukinyamaza, turudi tukaandike upya.