Uamuzi utangulie ununuzi wa upinde

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, upinde si pambo la ukutani wala chombo cha ngoma tu. Ni silaha ya mchungaji alalaye na ng'ombe zake, ni silaha ya sungusungu katika lindo la usiku, na kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme ulikuwa, tangu zama za mababu, chombo cha kuipatia familia kitoweo. Leo vijana wa wilaya hizo wanaona katika simu zao jinsi watu wa Marekani na Afrika Kusini wanavyowinda kwa upinde wenye magurudumu, na wanauliza kama wakati haujawadia wa kuuweka kando uta wa babu na kujinunulia huo mpya. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, kwa maoni yetu, jibu lake halianzii dukani. Laanzia katika ofisi za Serikali.

Wasomaji wetu wa visiwani huenda wakauliza mambo ya Tarime yawahusu nini. Yawahusu kwa sababu wanyama wa Serengeti ni mali ya Taifa zima, na kwa sababu tangu kanuni za mwaka 2020 zilizoruhusu mabucha ya nyamapori, nyama hiyo yaweza kufika kihalali mezani pa Mtanzania yeyote. Tena, suala la kuwaambia watu waache namna yao ya zamani ya kuwinda si geni Unguja. Wasasi wa vijiji vya kusini, waliozoea mbwa na nyavu, wameishi nalo kwa miaka mingi kwa ajili ya paa nunga, na wanajua tofauti ya amri inayoeleweka na amri inayosikika kwa uvumi.

Chombo chenyewe, mtu wa pwani atakifahamu upesi kuliko mtu wa bara. Aliyepata kupandisha tanga la jahazi anajua kazi ya kapi: henza hupitishwa humo, na foromali nzito ikapanda kwa mikono ya mabaharia wachache. Mwaka 1966 Mmarekani wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, aliomba hataza ya upinde uliofungwa magurudumu katika ncha zake mbili, akapewa hataza hiyo Desemba 1969. Tofauti ya magurudumu yake na kapi ya jahazi ni kwamba tundu la ekseli halikutobolewa katikati bali kando. Kwa hiyo upote unapovutwa, uzito hupanda haraka, hukaa juu kwa kitambo, kisha mkono unapokaribia shavu huporomoka. Upinde wa ratili 70 unaopunguza uzito kwa asilimia 80 humwachia mwindaji ratili 14 tu za kushikilia. Aweza kutulia, akangoja mnyama ageuze ubavu, ndipo aachie.

Uta wa zamani ni kinyume chake. Uzito wake huwa mkubwa kabisa pale pale mtu anapotaka kulenga, na mkono haustahimili zaidi ya sekunde chache. Lakini asidhani mtu kuwa uta huo ni dhaifu. Pinde za Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hufika ratili 70 na zaidi, nao huzivuta bila gurudumu lolote. Anayedai kwamba upinde wa kapi umeletwa kumwokoa mwindaji wa Kiafrika na udhaifu wake, hajapata kuuvuta uta wa mzee wa Robanda.

Basi kama uta wa zamani una nguvu, kasoro yake ni nini? Kasoro haimo katika mti wala katika upote. Imo katika kile kilichokuwa kikipakwa kwenye chembe. Waikoma walijulikana kwa sumu yao ya mishale, kama vile watu wa pwani wanavyoujua usungu, sumu inayotokana na mti wa msungu na kuusimamisha moyo. Kwa mshale wa sumu, mwindaji hakuhitaji kutoboa hadi ndani. Alihitaji kupasua ngozi tu, kisha afuate nyayo. Uta, chembe nyembamba na sumu vilikuwa chombo kimoja chenye viungo vitatu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza sumu na silaha yenye sumu katika uwindaji, na ni vyema ikatae, kwa maana sumu ya mshale haichagui kati ya nyumbu na binadamu. Lakini ukiondoa kiungo kimoja, viwili vilivyobaki havifanyi tena kazi ile ile. Mshale mwepesi usio na sumu hujeruhi. Mnyama hukimbia nao kichakani akafia asikoonekana, asimfae mwindaji wala Taifa.

Hapo ndipo hoja ya upinde mpya inapopata uzito. Si fahari, wala si kuiga wageni. Ni kwamba anayetakiwa kuwinda bila sumu lazima awe na chombo kinachoua kwa kutoboa.

Wenzetu wa Namibia, wanaoruhusu uwindaji wa upinde kwa kibali, hawaangalii upinde umetengenezwa wapi wala una magurudumu mangapi. Wameweka kipimo cha nguvu ya mshale unapotoka: ratili-futi 25 kwa wanyama wadogo, 40 kwa wa kati, na 65 kwa wakubwa. Pia wameweka uzito wa chini wa mshale, na tembo, simba na wanyama wengine wa hatari hawaguswi kwa upinde. Uingereza, kwa upande wake, haikubali kabisa mnyama kuwindwa kwa upinde, na jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977. Sisi wenyewe tuliufunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Kila nchi na hesabu zake. Lakini katika nchi hizo mwananchi anajua mstari umechorwa wapi.

Twende sasa kwa yule kijana anayetaka kununua, kwa sababu yapo mambo ambayo muuza duka hatamwambia. Kwanza, upinde wa kapi hauazimwi kama jembe. Uta wa babu humfaa yeyote mwenye nguvu za kuuvuta, ilhali huu hupimwa kwa mkono wa mwenyewe. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kunyoosha mikono yote miwili, kupima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha kugawa kwa mbili na nusu. Mwenye upana wa sentimita 175 atahitaji mvuto wa sentimita 70, na akinunua wa sentimita 76 kwa kuwa ulikuwa rahisi, hatapiga hata kichuguu. Pili, asivutwe na sifa ya kasi. Mshale mwepesi huenda mbio na kusimama upesi. Mshale mzito kidogo, wa gramu 26 au zaidi, wenye chembe pana iliyonolewa kama wembe, huingia ndani. Tatu, asiuachie upote kamwe bila mshale. Mikono ya upinde huo hupasuka, na vipande vyake vyaweza kumtoa mtu jicho.

Nne, na hili ndilo kubwa kwa mtu wa Mugumu au Nyamongo: ni nani atakayeutengeneza? Upote wa uta wa zamani ukikatika, mwenye uta husokota mwingine chini ya mti. Upote wa upinde wa kapi ni uzi wa kiwandani, huchakaa kwa miaka michache, na ili kuubadili yahitajika mashine ya kuubana upinde wote usifyatuke. Mashine hiyo si kitu cha kukikuta katika karakana ya baiskeli. Bei ya upinde wenyewe, hata ule wa kawaida, ni kama ya ng'ombe, na ule wa fahari ni wa ng'ombe kadhaa. Kuuza ng'ombe ili kununua chombo kitakacholala darini kwa kukosa uzi ni hasara ambayo hatumtakii mtu.

Wapo wanaosema, basi anunue upinde wa kisasa usio na magurudumu, ambao mtu aweza kuutia upote kwa mikono yake. Kwa swala na ngiri tungekubaliana nao. Lakini nyama inayotakiwa Serengeti ni ya nyumbu, na nyumbu si swala. Upinde usio na kapi, kwa mkono wa mtu wa kawaida, haufiki kwa urahisi kile kipimo cha Namibia cha wanyama wakubwa. Kwa hiyo, tukipima yote, twaona upinde wa kapi ndio ufaao kuurithi uta wa zamani katika uwindaji halali wa sehemu ile. Ila hatuoni kwamba wafaa kumilikiwa na mtu mmoja mmoja.

Sababu yetu ni Tarime. Wilaya hiyo imeona mapigano ya koo, kama yale ya Wanchari na Walyanchoka, ambamo mishale ilitoa roho za watu. Imeona wizi wa ng'ombe uliofanya Serikali iunde kanda maalum ya kipolisi kwa Tarime na Rorya. Baada ya vita vya Kagera vilivyomalizika mwaka 1979 bunduki zilipenyea katika wizi huo, na wote tunajua gharama yake. Upinde wa kapi haulii kama bunduki. Sheria ya silaha ya mwaka 2015, kama jina lake linavyoonyesha, iliandikwa kwa ajili ya silaha za moto na risasi. Kiongozi atakayeziacha pinde hizi ziingie nyumba kwa nyumba bila daftari wala namba, kwa hoja kwamba "ni upinde tu", atakuwa amefumba macho.

Vilevile kijana ajue kwamba kukutwa na silaha ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa hata kama hakuna mnyama aliyeuawa. Mahakama ya Wilaya pale Mugumu imesikiliza mashauri mengi ya namna hiyo, ya mapanga, visu, mikuki, mishale na mitego ya waya. Hakimu hatauliza kama upinde ni wa mwaka huu au wa babu.

Na tuseme neno juu ya hiyo mitego. Wanyama wengi wanaouawa kiharamu Serengeti hawafi kwa mshale. Wanafia katika waya, mwingine ukiwa umechomolewa katika matairi chakavu. Waya haujui jike lenye mimba, haujui ndama, na mara nyingi mwenyewe harudi kuutazama. Mwenye upinde humwona mnyama kabla ya kumpiga, na aweza kumwacha apite. Mwananchi aliyeonyeshwa njia halali ya kupata kitoweo hana sababu ya kutega waya. Aliyefungiwa kila mlango atautega, na askari wataendelea kuzitoa nyaya hizo porini mwaka hadi mwaka.

Kuhusu ulaji wake, Waislamu wa visiwani waliokaa chuoni wanakumbuka masharti ya kiwindwa: jina la Mwenyezi Mungu litajwe mshale unapoachiwa, na ncha itoboe, kwani kilichokufa kwa kupigwa na ubavu wa mshale hakiliwi. Chombo kinachotoboa sawasawa, kisicho na sumu, chapunguza shaka. Lakini bucha linalotaka wateja wa Unguja na Pemba lingefanya vyema kuandika nyama yake imewindwaje na nani.

Tunachopendekeza ni hiki. Jumuiya za hifadhi kama ile ya Ikona, inayoviunganisha vijiji vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti na jirani zake, zaweza kupewa haki ya kutumia wanyamapori walio katika ardhi ya vijiji. Pinde ziwe mali ya jumuiya, mbili au tatu za kuanzia, za aina ambayo mvuto wake waweza kurekebishwa kwa mkono wa kila mwindaji. Zitiwe namba, zitunzwe ghalani pamoja na mashine ya kubadilishia upote, na zitoke kwa saini tu, mwindaji mwenye leseni akiandamana na askari wa wanyamapori wa kijiji. Wawindaji wapimwe shabaha kabla ya kupewa leseni. Wazee wanaojua nyayo na upepo wasiachwe nyuma. Kuna mambo ambayo magurudumu hayawezi kumfundisha kijana.

Ila hayo yote yangoje neno la wenye mamlaka. Tunaziomba Wizara ya Maliasili na Utalii na TAWA zitoe mwongozo mmoja, kwa Kiswahili, usiozidi kurasa mbili, unaosema kama mwanakijiji aweza kupewa kibali cha kuwinda kwa upinde au hawezi. Na kama aweza, ni upinde wa nguvu gani, mshale wa uzito gani, kwa mnyama yupi na mahali gani. Kama jibu ni hapana, liandikwe hapana, na sababu zake zitajwe. Karatasi hiyo ibandikwe Mugumu, Tarime mjini na katika ofisi ya kila kijiji kinachopakana na hifadhi, kabla ya Julai, wakati nyumbu wanapoukaribia Mto Mara na mikono ya watu inapoanza kuwasha.