Uwanja, Darasa na Sanduku la Kura



Huku kwetu Mara, ukisimama sokoni, kwenye bomba la maji au kwenye foleni ya kliniki ya watoto, utasikia mazungumzo ya aina tatu: mpira, shule na siasa. Tangu Musoma ufukweni mwa ziwa hadi Bunda na Butiama, wanaume huyazungumza kwa sauti kubwa. Sisi akina mama mara nyingi tunasikiliza tu, huku tukichambua dagaa au kumnyonyesha mtoto, kana kwamba mambo hayo hayatuhusu. Mwezi huu tumeona tuyaongee wenyewe, maana yote matatu huanzia na kuishia nyumbani kwetu.

Bao lililompeleka mtoto shule

Wazee wa huku husimulia habari za mtoto Kambarage, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito na mama Mugaya, aliyekuwa mke wa tano kati ya wake ishirini na wawili wa mtemi huyo. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, sehemu ambayo leo iko wilayani Bunda, alicheza bao na kijana huyo, akaona akili yake, akamshauri Burito ampeleke shuleni. Mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili, Kambarage aliingia Shule ya Mwisenge hapa Musoma. Mwaka 1937 alikwenda Tabora. Yaliyofuata tunayajua sote, hadi siku ile ya Oktoba 1999 aliporudishwa kuzikwa Mwitongo, Butiama.

Tazama, mpenzi msomaji, jinsi mambo matatu yalivyofuatana. Ulianza mchezo, ikafuata shule, ukaja uongozi. Mtu mzima alimtazama mtoto akicheza, akaona kitu, akasema neno kwa baba yake.

Sasa tujiulize swali ambalo hutusumbua kila tunapopita Mwisenge. Kama mtoto yule angekuwa binti, je, angeitwa kucheza bao na mtemi? Bila shaka angekuwa kisimani. Akili yake ingekuwa ileile, ila asingekuwapo wa kuiona.

Binti wa darasa la sita

Usidhani hayo ni ya mwaka 1934 tu. Mama mmoja alitujia akiwa na huzuni. Binti yake wa darasa la sita alikuwa amechaguliwa katika timu ya wilaya ya mpira wa pete kwa mashindano ya UMITASHUMTA. Baba akakataa. Alitoa sababu mbili: kwanza, nani atachota maji siku hizo, pili, msichana anayecheza mbele za watu ataharibika. Mama alinyamaza. Binti naye akanyamaza, lakini tangu siku hiyo akaanza kuchelewa shule, na alama zake zikashuka.

Tulimshauri mama yule asibishane na mumewe mbele ya watoto, bali amwombe amwalike mwalimu wa michezo nyumbani, aeleze watoto watalala wapi, nani atawalinda, na watarudi lini. Hofu ya baba ilikuwa na sehemu ya kweli. Wazazi wana haki ya kujua mabinti zao wanalala wapi. Mwalimu alikuja, akaeleza kwamba walimu wa kike watasafiri nao. Kuhusu maji, kaka zake wawili walipewa ndoo. Ilikuwa mara ya kwanza kuchota maji, na hawakufa! Binti alikwenda, timu yao ikafungwa mapema, akarudi akicheka.

Tukiwa wauguzi, tunapenda kuongeza neno. Msichana anayecheza hujenga mifupa na moyo wenye nguvu, hulala vizuri, na hujifunza kuuheshimu mwili wake mwenyewe. Tatizo kubwa ni lile ambalo baba hakulitaja: viwanja na shule nyingi hazina choo chenye mlango na maji, na binti aliye katika siku zake hukaa nyumbani kwa aibu. Mwandalie pedi, au vitambaa safi vya pamba unavyovifua kwa sabuni na kuvianika juani, wala si uvunguni. Mweleze mambo haya kabla hayajamtokea. Katika kikao cha wazazi, simama uulize habari za choo. Wanaume wataulizia madawati. La choo usipoliuliza wewe huenda lisiulizwe.

Na kwa wale wanaosema mpira si wa wasichana, wajue kwamba Bunda Queens, timu ya mabinti wa hapa kwetu, ilicheza Ligi Kuu ya Wanawake katika msimu wa 2023/24.

Tulipofungwa bila kucheza

Habari za wanaume nazo tuziguse. Biashara United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2018, mji wa Musoma ulichangamka. Siku za mechi Uwanja wa Karume ulijaa, akina mama waliuza karanga na maji, na watoto walijua majina ya wachezaji kuliko ya mitume. Msimu wa 2020/21 timu ilishika nafasi ya nne, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliwafunga Al Ahli Tripoli wa Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam. Mechi ya marudiano haikuchezwa. Timu haikufika Libya kwa sababu ya mambo ya safari na vibali, ikatolewa. Msimu uleule ikashuka daraja.

Tunakumbuka majonzi ya siku zile. Ugali uliachwa mezani. Baba mmoja alimchapa mtoto kwa kuuliza tu kama mechi itarudiwa. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtoto hujifunza kushindwa kwa kumtazama baba yake siku ya kufungwa, na mama yake siku ambayo mtoto wa jirani amepata alama nyingi kuliko wake. Ukiona timu imefungwa, usimcheke mumeo, wala usimfundishe mtoto kumcheka. Mpe muda na maji ya kuoga. Mazungumzo yafuate baadaye.

Lakini kuna jambo ambalo halitaki subira: michezo ya kubahatisha. Siku hizi kijana haangalii mpira kwa kuupenda, anaangalia mkeka wake. Tumewaona akina mama ambao fedha za sare za shule zilikwenda huko. Hata shule ikiwa bila ada, bado mtoto anahitaji sare, daftari na chakula cha mchana. Hapo usinyamaze. Zungumza na mumeo wakati ametulia, mkiwa na hesabu ya nyumba mkononi, na ikishindikana mwombeni mzee mnayemheshimu nyote awe katikati.

Khanga na kilo mbili za sukari

Sasa tufike penye moto. Wakati wa kampeni moja, mama mmoja alitunong'oneza baada ya kliniki: "Nesi, mimi nimekwisha kula vya mtu. Nimepokea khanga na kilo mbili za sukari. Moyo wangu unamtaka mwingine. Nisipompa huyu kura, si nitakuwa nimemwibia?"

Swali lake lilikuwa la uaminifu, nasi tulilichukua kwa uzito. Katika mila zetu, aliyekula vya mtu ana deni. Lakini kura si yako peke yako hata uiuze. Ni ya mtoto uliyembeba mgongoni, ambaye atasoma katika darasa litakalojengwa au lisilojengwa. Mkumbuke Esau katika Mwanzo 25. Alikuwa na njaa ya kweli, na kile chakula cha dengu kilikuwa kitamu kweli. Ila alichokitoa hakikulingana na alichokipokea. Tena, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima vilikuwa kinyume cha Katiba. Basi aliyekosea kwanza ni yule aliyeleta sukari. Ni bora kutopokea kabisa. Lakini aliyekwisha pokea asijione amefungwa.

Wengine hawaletewi khanga. Wao hunyang'anywa kadi ya mpiga kura na mume, au huambiwa wampigie nani. Hapa tunaulizwa: je, Biblia haisemi tumtii mume? Ndiyo, tunafundishwa utii, na mume naye amefundishwa upendo wa kujitoa. Lakini dhamiri yako utaitolea hesabu wewe mwenyewe mbele za Mungu. Soma Hesabu 27, habari za mabinti watano wa Selofehadi. Walisimama mbele ya Musa na mbele ya wakuu, wakadai urithi wao kwa adabu, na Bwana akasema wamenena haki. Kura ni siri. Kadi yako itunze pamoja na cheti cha kliniki cha mtoto. Na kama mnaweza, zungumzeni na mumeo mapema, kila mmoja aseme anamtaka nani na kwa nini. Nyumba yenye kura mbili tofauti si nyumba iliyovunjika.

Kosa letu wenyewe

Tusije tukaonekana tunafundisha wengine tu, acha tuungame. Mwaka 2015 mkoa wetu ulikuwa umechemka. Pale Bunda Mjini mwanamke, Ester Bulaya wa CHADEMA, alimshinda Stephen Wasira wa CCM, waziri na mwanasiasa wa siku nyingi. Bunda haikuwa ngeni kwa mivutano. Uchaguzi wa 1995 kati ya Wasira, wakati ule akiwa NCCR-Mageuzi, na Jaji Joseph Warioba wa CCM uliishia mahakamani na matokeo yakatenguliwa. Na hapa Musoma Mjini jimbo limekwisha toka chama kimoja kwenda kingine na kurudi. Hatumpigii debe mtu yeyote. Tunakumbusha tu kwamba leo ni huyu, kesho ni yule.

Lakini mwaka ule hatukukumbuka. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilikuwa na zamu ya kuwatembelea waliojifungua, kuwachotea maji, kuwafulia na kuwapikia uji. Mama mmoja alijifungua wiki za kampeni. Juu ya nyumba yake palikuwa na bendera ya chama ambacho wengi wetu hatukukipenda. Hakuna aliyesema tusiende kwa sababu ya bendera. Tulisema ratiba imejaa.

Siku ya tisa tulisikia ana homa kali. Tulipofika tulimkuta titi limevimba na kuwa jekundu, anatetemeka, mtoto analia kwa njaa, na ndoo ni tupu. Alitibiwa, akapona, na tunamshukuru Mungu. Lakini sisi tulikuwa na ujuzi wa kumwonyesha jinsi ya kumweka mtoto titini tangu siku ya kwanza, na kumwambia aendelee kunyonyesha na kuwahi hospitali anapoona uvimbe na homa. Ujuzi ule tuliufungia nyumbani kwa sababu ya kitambaa kilichofungwa kwenye mti. Tulikwenda kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, akasema, "Mama zangu, bendera ni ya baba watoto. Mimi nilikuwa nawasubiri tu."

Neno lile bado linatuchoma.

Tumeliandika leo kwa sababu kidonda kingine bado ni kibichi. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatana na maandamano, vurugu na vifo katika miji kadhaa ya nchi yetu. Wapo akina mama waliozika watoto wao. Kwa mama aliyefiwa, usianze kwa kuuliza mwanawe alikuwa upande gani. Nenda na maji, nenda na unga, kaa naye chini. Kusema kweli na kudai haki ni wajibu, na kuna mahali pake. Lakini kwenye mkeka wa msiba kwanza tunalia pamoja.

Ya kufanya mwezi huu

Tunawapa kazi ndogo tatu, mzifanye nyumbani au katika kikundi chenu.

Kwanza, mtazame binti yako akicheza kwa nusu saa bila kumtuma kitu. Ukiona jambo ndani yake, mwambie baba yake jioni ileile. Huenda wewe ndiye mtemi wa Ikizu wa mtoto huyo.

Pili, nenda kwenye kikao cha shule, uulize swali moja kwa adabu: choo cha wasichana kina mlango na maji? Ukielekea likizo ya Desemba, uliza pia mabinti wa jirani wako salama na ukeketaji. Sheria imeukataza tangu mwaka 1998, na huku kwetu zipo nyumba salama Mugumu na Butiama zinazowapokea wanaoukimbia.

Tatu, fikiria jirani ambaye salamu zenu zilikatika kwa ajili ya chama, timu au alama za watoto. Usingoje yeye aanze. Mpelekee hata sahani ya dagaa.

Mbunge atamaliza muda wake, timu itashuka na kupanda, na mtihani utafanywa tena mwakani. Lakini siku utakapojifungua, au utakapougua, au utakapofiwa, atakayekuchotea maji ni yule wa nyumba ya pili. Tusimpoteze.

Bwana awabariki, akina mama. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.