Picha Katika Kapu la Mabaki

Chini ya cherehani ya fundi hakukosi vipande vya kitenge na kanga, navyo jioni hufagiwa vikatupwa. Mtoto akiviokota, akavibandika juu ya boksi apate mgomba, ng'ombe na nyumba, twamkemea: “Acha kuchafua nyumba, shika kazi!” Leo nataka kumtetea mtoto huyo.

Nchini Kenya alikuwako mama mmoja, Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928. Ndiye mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere, tangu 1950 hata 1952. Kisha akafundisha shule miaka mingi. Alipokaribia umri wa miaka 60 aliishika tena kazi ya picha, lakini vifaa vilimshinda bei. Basi akachukua makaratasi ya sabuni na mifuko ya unga, akayakata vipande vidogo vidogo, akayabandika hata yakatokea watu, wanyama na maisha ya shambani. Mwaka 1990 kazi yake ilionyeshwa New York. Wasanii wa Afrika walioalikwa walikuwa tisa, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alifariki mwaka 2021, mwenye miaka 92.

Huyo ni wa karatasi. Wa nguo naye yupo, tena karibu nasi: Sanaa Gateja wa Uganda, mzaliwa wa Kisoro mwaka 1950. Yeye husokota karatasi kuukuu zikawa shanga, zikatiwa rangi, kisha zikashonwa juu ya lubugo. Kina mama hushirikiana naye kuzitengeneza, nao hupata chochote cha nyumbani.

Na lubugo si ngeni kwetu. Wazee wetu Wahaya waliivaa kabla ya nguo za pamba kuenea. Ni gome la mtoma, mti ambao Waganda huuita mutuba. Gome huvuliwa wakati wa mvua, hugongwa kivulini kwa nyundo za mti hata likawa laini, lenye rangi ya udongo mwekundu. Mti haufi, maana shina hufungwa majani ya mgomba, na gome huota tena. Kazi hiyo ya Waganda ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa kutunzwa. Basi ukiukata mtoma wa kibanjani kwa kuni, wapata moto wa siku chache, nawe umepoteza nguo ya miaka mingi na kivuli cha kahawa.

Yafaa tufanye nini? Mwombe fundi cherehani mabaki yake. Mpe mtoto kipande cha gunia, au cha lubugo kama ipo, achore kwanza kwa mkaa mambo ayaonayo kila siku: ziwa, mitumbwi, watu wakivuna kahawa. Abandike vipande kwa uji mzito wa muhogo, na vikikauka ashone pembeni visibanduke. Palipobaki wazi apake rangi kidogo. Watu wakitokea wakubwa kuliko nyumba, usimcheke wala usimsahihishe. Mwulize tu ni akina nani.

Kisha mpeleke kwa mzee ajuaye kugonga lubugo, akamwone akifanya kazi. Mpeleke mwaka huu, maana wazee hawatungoji.