Melini Hakuna Mlango wa Uani

Mwezi huu mambo ya kucha, nywele na vikao vya harusi tuyaweke pembeni kidogo. Naomba unisindikize baharini.

Tulipotimiza miaka kumi ya ndoa, mimi na mume wangu tulivunja kibubu. Wengine wakifika hapo hukodi ukumbi, watu wakala pilau, wakapiga picha, wakaenda zao. Sisi tukasema safari hii hela yetu tunaila wenyewe. Tukakata tiketi ya meli ya kitalii, usiku saba kwenye bahari ya Mediterania: unapandia Barcelona, unapita Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, Palermo, Valletta kule Malta, halafu siku nzima majini mpaka Barcelona tena. Watoto tukawapeleka kwa bibi yao Morogoro. Na tukawekeana sharti moja: simu zinazimwa. Hakuna ofisi, hakuna magrupu, ni sisi wawili tu kama zamani. Habari za watoto zingepitia simu ya shangazi.

Huyu shangazi ndiye mwenye somo la leo. Ni nesi mstaafu, anaishi Southampton, Uingereza, kwa zaidi ya miaka thelathini. Southampton ndiko Titanic ilikoanzia safari yake mwaka 1912, na mpaka leo ni bandari kubwa ya meli za kitalii. Wazee wa pale hupanda meli kama sisi tunavyopanda basi la Arusha. Yeye na mzee wake wameshasafiri mara kumi na nne, na safari hii walikuja kuungana nasi Barcelona.

Sasa sisi wa Dar tukisikia bahari tunakumbuka boti ya Zanzibar: saa mbili, mfuko wa kutapikia mkononi, na mama wa siti ya jirani anasoma dua. Nilipomwambia shangazi hofu yangu alicheka. "Mwanangu, bahari si tatizo. Mtakachotoka nacho nyumbani ndicho kitakachowasumbua." Nikadhani anazungumzia mabegi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anza na viza. Nchi zote nne tulizopita, yaani Hispania, Ufaransa, Italia na Malta, zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja ilitosha. Lakini angalia ratiba yako vizuri. Meli ikitia nanga Tunisia au Uturuki ukashuka, utakuwa umetoka Schengen, na kurudi utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Bima ya matibabu iwe ya kuanzia Euro 30,000. Usiikate kwa ajili ya ubalozi tu. Daktari wa melini yupo, ila si wa bure. Ukimwona, gharama inaingia kwenye bili yako.

Pili, fika mji wa kupandia siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haikusubiri. Ukifika siku hiyo hiyo presha itakupanda kabla hujapanda meli.

Tatu, chumba. Cha bei nafuu ni cha ndani, kisicho na dirisha. Kinachofuata kina dirisha, na cha ghali kina roshani. Shangazi anasema kama unaogopa kuchafukwa, usikimbilie juu wala mbele. Chukua chumba cha katikati ya meli, kwenye sitaha za chini. Ni kama bembea ya ubao: anayekaa katikati hapandi na kushuka kama walioko kwenye ncha. Meli kubwa pia zina mabawa chini ya maji ya kupunguza kuyumba. Dawa ya kuzuia kutapika muulize mfamasia wako mapema, maana inafanya kazi vizuri ukiimeza kabla mambo hayajaharibika. Tangawizi nayo inasaidia. Na ukianza kusikia vibaya, toka nje utazame kule bahari inapokutana na mbingu. Usijifungie chumbani na kitabu.

Siku ya kwanza

Mabegi makubwa unayakabidhi gatini na yanaweza kukufikia chumbani jioni. Kwenye begi la mkononi weka dawa zako, pasipoti, chaja, na nguo ya kuogelea. Mimi sikusikia la mkuu, nikakaa mchana kutwa pembeni ya bwawa na jinzi na viatu vya kuchuchumia, nikiwatazama wenzangu wanavyofaidi. Pasi ya kunyooshea acha nyumbani, wataichukua. Kwenye meli moto ni adui mkubwa kuliko maji.

Halafu kuna zoezi la dharura. Siku hizi meli nyingi zinakuonyesha maelezo kwenye televisheni au simu, kisha unakwenda mwenyewe mahali pako pa kukusanyika ili jina lako lihakikiwe. Usilikwepe. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Ilikuwa imeondoka Civitavecchia jioni ile ile, na abiria waliopandia hapo walikuwa bado hawajafanya zoezi. Tangu mwaka 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mume wangu alitaka tulikwepe tukale. Shangazi alimtazama tu. Akaenda.

Shangazi kama nesi ana wimbo mmoja: mikono. Watu elfu kadhaa mnashika vijiko vya bafe moja. Kirusi cha norovirus, kile cha kuharisha na kutapika, kikiingia melini kinasambaa haraka, na ile dawa ya kupaka viganjani haikiwezi vizuri. Nawa kwa maji na sabuni kila unapokwenda kula. Upo hapo?

Mchana achaneni

Hili ndilo lililonishangaza. Shangazi na mzee wake hawafuatani! Asubuhi wanakunywa chai pamoja, kisha kila mtu na njia yake. Mzee yuko kwenye karata na wenzake, shangazi yuko kwenye darasa la dansi au amelala na kitabu chake. Ikifika saa moja usiku wanakutana wamevaa, wamenukia, wanasimuliana siku ilivyokwenda. Utadhani wachumba.

"Safari ya kwanza tuligandana kama kupe," aliniambia. "Siku ya tatu hatusemeshani. Chumba chenyewe hatua tano, utakwenda wapi? Nyumbani mkigombana mmoja anatoka kwa mlango wa uani, anazunguka kwa jirani, hasira zinapoa. Melini hakuna mlango wa uani."

Basi sisi tukajifanya wajuaji. Tumekuja kuwa pamoja, tutaachanaje? Siku ya nne tuko Civitavecchia. Kutoka pale mpaka Roma ni yapata kilomita 80, zaidi kidogo ya saa moja kwa treni ya kawaida. Ukienda na matembezi yaliyoandaliwa na meli unalipa zaidi, lakini basi lao likichelewa meli inawasubiri. Ukienda kivyako, ukichelewa ni juu yako: utaifuata meli bandari inayofuata kwa nauli yako. Sisi tulikwenda kivyetu kubana matumizi. Tulitakiwa kuwa ndani saa kumi na moja na nusu jioni.

Nikajisahau kwenye duka la viatu. Kutoka nje, mume wangu simwoni. Alitokea baada ya dakika ishirini, eti alikwenda kutafuta maji, na chupa yenyewe sikuiona. Tukaikosa treni tuliyoipanga, na iliyofuata ikachelewa. Kwenye treni ile tulitupiana maneno ambayo hayakuwa ya viatu wala maji. Tulifika gatini mbio, mimi viatu mkononi, wakati mabaharia wanajiandaa kutoa ngazi. Juu kule, kwenye ukingo wa sitaha, shangazi amesimama mikono kiunoni.

Kwa hiyo andika pembeni: ratiba ya kila siku inayogawiwa melini ina muda wa mwisho wa kurudi na simu ya wakala wa meli katika bandari hiyo. Tembea nayo. Fuata saa ya meli, si ya simu yako. Ukitoka Italia kwenda Ugiriki, kwa mfano, saa zinapishana kwa moja. Na panga urudi saa mbili kabla, si dakika kumi.

Bili ya usiku wa mwisho

Melini hutumii fedha taslimu. Kadi ya chumba ndiyo kila kitu, unagusa tu. Raha yake hiyo, na mtego wake huo huo. Tiketi yetu ilikuwa na chumba, chakula na burudani. Vinywaji vya baa, masaji, picha, intaneti na bakshishi vilikuwa nje. Bakshishi hukatwa yenyewe. Yetu ilikuwa Euro 12 kwa mtu kwa usiku. Simu nayo iweke kwenye hali ya ndege tangu mwanzo, maana mtandao wa simu wa melini unapita kwa setilaiti na ni ghali kweli kweli.

Shangazi alitushauri: kila usiku kabla ya kulala, kaeni wawili, mtazame bili yenu. Dakika tano tu. Hatukufanya hata siku moja. Nilijiambia mume wangu hapendi mambo ya mahesabu. Ukweli ni kwamba mimi ndiye sikutaka aione.

Usiku wa mwisho mabegi yako nje ya mlango tayari kuchukuliwa, karatasi ikapenyezwa chini ya mlango. Tulikuwa tumepanga matumizi ya Euro 400. Ilisomeka 731. Bakshishi 168, vinywaji 190, masaji na picha 193, hiyo ya mwisho nakiri ni yangu. Halafu ikaja mistari miwili inayofanana: intaneti, Euro 90. Intaneti, Euro 90.

Jamani! Watu wawili tulioapa kuzima simu, kila mmoja amenunua intaneti yake kwa siri. Yangu niliinunua siku ya pili. Watoto nilikuwa nawaona kupitia kwa shangazi, kwa hiyo nisiwasingizie. Nilikuwa naongea na wateja wangu wa vitenge, nikijifungia chooni. Yake aliinunua siku ya tatu. Zile safari za kupunga upepo usiku sitaha ya juu zilikuwa za kujibu barua pepe za bosi. Na maji ya Roma yalikuwa simu ya ofisini.

Nilianza kucheka, yeye hakucheka. Akakaa kitandani, akaniambia ofisini kwao kuna orodha ya watu wa kupunguzwa, amelijua hilo tangu miezi minne nyuma. Hakutaka kuniharibia safari. Kila siku alikuwa anaangalia kama jina lake limo.

Hapo ningekuwa nyumbani, najijua, ningetoka. Ningekwenda kwa jirani nikanune vizuri. Lakini chumba ni hatua tano na nje ni maji matupu. Nikakaa. Tuliongea mpaka meli ilipoanza kuona taa za Barcelona, kuhusu hela yake, biashara yangu ambayo nilimficha inaingiza kiasi gani, ada za watoto, mkopo wa kiwanja. Miaka kumi tulikuwa tunaishi nyumba moja na vibubu viwili.

Asubuhi kwenye chai nilimsimulia shangazi. Alichanganya chai yake polepole. "Pakiti moja ingewatosha, mwanangu. Mngegawana."

Miezi miwili baadaye orodha ilitoka, na jina la mume wangu lilikuwemo. Siku hiyo alinipigia mimi kwanza, kabla hajamaliza kukusanya vitu vyake mezani. Sasa hivi vitenge tunauza wawili, na sitakudanganya kuwa mambo ni mteremko. Ila kila usiku, kabla ya kulala, tunatazama bili yetu. Dakika tano tu.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, kama una mpango wa meli, ushauri wote huo ni wako. Na kama huna mpango wowote, hizo dakika tano hazina nauli. Jaribu usiku wa leo.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.