Badala ya Ishashi: Kila Kazi na Chombo Chake

Hapana kitu kilichotumiwa na watu wengi katika mji wa Kigali, na wakati huohuo kikachukiwa na watu wengi, kama mfuko mwepesi wa plastiki ambao wenyeji huuita ishashi. Ulitolewa bure sokoni, ukatumika kwa safari moja tu ya kutoka dukani hadi jikoni, kisha ukatupwa. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na mvua inyeshapo kila kilichoachwa mlimani huteremka na maji hadi mitaroni, na kutoka mitaroni hadi bonde la Nyabugogo. Mifuko hiyo iliziba mitaro, maji yakatuama, mbu wakapata mahali pa kuzaliana. Mingine ilifukiwa na jembe shambani ikazuia maji kupenya ardhini. Mingine ililiwa na ng'ombe na mbuzi, ikawaziba matumbo.

Sheria ya Septemba 2008 ilipiga marufuku kuitengeneza mifuko hiyo, kuiingiza nchini, kuiuza na kuitumia. Hata msafiri ashukaye katika uwanja wa ndege wa Kanombe hutakiwa kuiacha. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Agosti ya mwaka huo huo wa 2019, sheria nyingine ya Rwanda iliongeza katika marufuku vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja, kama mirija na vikombe.

Hata hivyo, sheria huondoa kitu. Haiondoi haja ya kitu hicho. Ndiyo maana walikuwapo watu waliovusha ishashi kwa magendo kutoka Kongo, wakizificha chini ya nguo zao. Mtu hajitii hatarini kwa ajili ya kitu kisicho na mnunuzi. Magendo hufifia pale mwenye haja anapopata njia nyingine ya kuitimiza, na njia hiyo hutafutwa nyumbani.

Kosa la nyumba nyingi lilikuwa kutafuta kitu kimoja cha kushika nafasi ya ishashi. Kitu hicho hakipo, kwa sababu ishashi haikuwa na kazi moja. Ilibeba vikavu, ilibeba vyenye maji, ilihifadhi vitu visilowe mvua, na mwisho wake ikatiwa taka. Mama wa nyumbani atakayezigawa kazi hizo, na kuipa kila moja chombo chake, ataona kwamba vyombo vingi amekwisha kuwa navyo.

Kazi ya kwanza ni kubeba vitu vikavu na vigumu, kama vile maharagwe, mchele, viazi, vitunguu na ndizi za kupika. Kwa hivi, kapu halina mshindani. Wanyarwanda wana igitebo, kapu la kubebea mazao, kama watu wa pwani walivyo na kikapu cha ukindu na pakacha la makuti. Agaseke, lile kapu zuri lenye kifuniko kilichochongoka, ambalo limo katika nembo ya taifa tangu mwaka 2001, yafaa libaki kwa zawadi na heshima ya nyumba. Kwenda sokoni kunataka kapu lisiloogopa udongo wa viazi. Nafaka zisichanganywe ndani ya kapu, bali kila moja itiwe katika kifuko chake kidogo cha kitambaa chenye kamba ya kufunga mdomo. Vifuko vinne au vitano vyatosha nyumba ya kawaida.

Kazi ya pili ndiyo ngumu zaidi, nayo ni kubeba vitu vyenye maji au mafuta. Isombe, yaani kisamvu kilichokwisha kutwangwa, huchuruzika. Sambaza wa Ziwa Kivu huacha harufu. Nyama hutoa damu, na karatasi ya bucha huloa kabla mtu hajafika nyumbani. Dawa yake ni bakuli au sufuria ndogo yenye kifuniko kinachokaza, iliyotengwa kwa kazi hiyo. Inunuliwapo nyama, chombo hicho kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kisha kikauke kabisa kabla ya safari nyingine. Na nyama isiwekwe kamwe juu ya mboga za kuliwa mbichi. Bakuli likosekanapo, lipo jani la mgomba. Jani bichi hupasuka upesi, kwa hiyo lioshwe, lipitishwe juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea, kisha mshipa wake wa katikati upunguzwe kwa kisu. Likiwa hivyo, hukunjwa kama kitambaa, na kazi yake ikiisha hurudi shambani kuwa mbolea.

Maziwa nayo yaingia katika kazi hii. Zamani yalikuwa na chombo chake cha mti, icyansi, na hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba maziwa yangeweza kubebwa bila chombo. Leo, anayenunua maziwa au ikivuguto kwenye maduka ya maziwa ya Kigali anaweza kwenda na chupa ya kioo au kopo la chuma. Vyote viwili huoshwa kwa maji yachemkayo, jambo ambalo ishashi haikuliweza.

Kazi ya tatu ni kuzuia mvua. Katika miezi ya Machi hadi Mei, ishashi ilikinga daftari za watoto, kiberiti, chumvi na sukari. Kopo tupu la maziwa ya unga, lenye kifuniko chake, hukinga vizuri zaidi, wala halitoboki. Daftari zikunjiwe katika kipande cha turubai au cha koti kuukuu la mvua, kilichokatwa kwa kipimo cha mkoba wa mtoto.

Kazi ya nne ni kutia taka. Hapa yafaa kwanza kuitazama taka yenyewe. Sehemu kubwa ya takataka za jikoni ni maganda ya ndizi, viazi na mboga, ambayo ni mali ya shamba wala si uchafu. Ndoo mbili zitatue jambo hili, moja ya maganda, nyingine ya vitu vikavu. Ndoo ya maganda itandikwe gazeti kuukuu chini yake, imwagwe kila siku katika shimo la mboji au chini ya migomba, kisha isuuzwe. Taka ikitenganishwa hivi, ile inayobaki kusubiri gari la kuzoa hupungua sana na haitoi harufu.

Zipo kazi chache ambazo mtu wa nyumbani hawezi kuzitafutia mbadala kwa urahisi. Sheria yenyewe ilitambua hivyo, ikaacha mlango wa kibali maalumu, mathalani kwa hospitali na vitalu vya miche.

Sasa juu ya mfuko wa karatasi, ambao wengi waliukimbilia. Karatasi huoza, na hiyo ni sifa yake kubwa. Lakini kuitengeneza hutumia miti, maji na moto mwingi. Mwaka 2011, idara ya mazingira ya Uingereza ilichapisha hesabu ya mifuko ya kubebea bidhaa, kwa kupima mchango wa kila mmoja katika kuongeza joto la dunia. Ilionekana kwamba mfuko wa karatasi lazima utumike mara 3 ndipo usizidiwe na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Ule mzito wa plastiki inayofanana na kitambaa ulihitaji mara 11. Ule wa pamba ulihitaji mara 131.

Hesabu hiyo haikuwekwa ili kuutetea mfuko mwembamba, kwani haikupima mitaro iliyoziba wala ng'ombe waliokufa. Lakini ina fundisho ambalo halipasi kupuuzwa. Mama aendaye sokoni mara mbili kwa wiki hufikisha safari 131 baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Akinunua mfuko mpya wa pamba kila sikukuu, kwa kuwa una maua mazuri, hajaokoa kitu. Wema wa mfuko haumo katika kitambaa chake tu. Umo katika kurudi kwake sokoni. Na mfuko wa karatasi uliobeba mboga zenye maji haufiki safari ya tatu.

Kwa sababu hiyo, mfuko bora ni ule unaotokana na nguo iliyokwisha kufanya kazi yake, kama kitenge kilichopauka, suruali ya kazi, au pazia kuukuu. Kipande chenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 45 kikunjwe katikati, ili kina chake kiwe sentimita 50. Pande mbili zishonwe kwa mishono miwili, na mdomo upindwe sentimita 3. Mikono ni vipande viwili vyenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 10. Kila kimoja kikunjwe kwa upana mpaka kiwe na tabaka nne, kishonwe, kisha kipachikwe mdomoni kwa mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake. Chini hakuna mshono, na ndiyo maana mfuko huu hustahimili uzito wa viazi.

Anunuaye mfuko uliokwisha kushonwa na ajihadhari, maana baadhi ya mifuko iitwayo ya kitambaa ni plastiki iliyovikwa sura ya kitambaa. Uzi mmoja uchomolewe, ushikwe kwa koleo, uchomwe nje ya nyumba. Uzi wa pamba huungua ukaacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua; wa plastiki huyeyuka na kujikunja kuwa punje ngumu.

Lakini yote haya hayatafaa kitu endapo kapu litaachwa nyumbani. Sokoni Kimironko, kama katika masoko mengine yote, muuzaji wa nyanya huishi kwa faida ndogo. Mnunuzi ajaye mikono mitupu, akadai mfuko wa karatasi bila malipo, huichukua sehemu ya faida hiyo. Ajaye na kapu lake humwachia muuzaji haki yake, naye ana sababu njema ya kumwomba amwongezee nyanya moja juu ya fungu. Ishashi ilionekana kuwa ya bure, lakini gharama yake ililipwa na mkazi wa bondeni ambaye nyumba yake iliingiwa na maji. Haifai gharama hiyo sasa ihamishiwe kwa mama muuza nyanya.

Wala kazi hii si ya mama peke yake. Baba apitaye sokoni atokapo kazini, na mtoto atumwaye dukani, nao wawe na mifuko yao. Kapu litundikwe kwenye msumari karibu na mlango, na vifuko vya nafaka vikae ndani yake daima, vikiwa safi na vikavu, ili asiwepo wa kusema kwamba alilisahau.