Miungu waliochoka kuchimba mifereji

Wapo miongoni mwetu wanaoona kuwa visasili vya mataifa ya kale, yaani hekaya zao za miungu, ni upuuzi usiostahiki kusomwa na Muislamu. Sisi hatukubaliani nao. Hekaya hizo hazitupi habari za mbinguni, lakini zinatupa habari nyingi za watu waliozitunga.

Tuchukue hekaya ya Atrahasis, iliyoandikwa Babeli, katika Iraq ya leo, juu ya mabamba ya udongo katika karne ya 17 kabla ya Nabii Isa (a.s). Yasimuliwa humo kuwa hapo mwanzo miungu wadogo ndio waliochimba mifereji. Walipochoka walizitia moto zana zao, wakaizingira usiku nyumba ya bwana wao Enlil. Ikaamuliwa mungu mmoja achinjwe, damu na nyama yake vichanganywe na udongo, aumbwe mwanadamu aubebe mzigo ule.

Nchi ile haikulimika pasi na mifereji, na mifereji hujaa tope, lazima izibuliwe. Aliyeingia topeni hakuwa mfalme wala kuhani. Na huyo aliyeingia alifundishwa kuwa hilo ndilo aliloumbiwa! Sisi tumefundishwa kinyume chake: katika Suratu Dhaariyaat (51:56-57) Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa amewaumba majini na watu wamuabudu, wala hahitaji riziki yao wala kulishwa nao.

Hekaya yaendelea kuwa watu walizidi, kelele zao zikamnyima Enlil usingizi. Akaleta maradhi, kisha ukame, kisha gharika. Watu walipoangamia, miungu wakashikwa na njaa kwa kukosa sadaka. Wanaodai kuwa kisa cha Nabii Nuh (a.s) kimenakiliwa humo huitazama safina tu, wasiulize sababu ya adhabu. Kaumu ya Nuh iliangamizwa kwa shirki na dhulma. Wale, kwa kelele.

Baada ya gharika miungu wakapatana kupunguza uzazi: wanawake wengine wawe tasa, na shetani mmoja awapokonye mama watoto wachanga. Hapa tusicheke. Vifo vya wachanga vilikuwa vingi katika zama hizo, na mama aliyemzika mwanawe akauliza kwa nini, hekaya hii ilimjibu kuwa miungu walitaka kulala.